Bukari (ugali) ku meza, telefone mu kitunga: ninyi munafanyaka namna gani kwenu?

Mama_wa_Katuba (mwenye kufungua uzi)

Bandugu zangu, hodi humu ndani. Mi niko mama ya batoto bane, tunaishi Katuba hapa Lubumbashi, bwana yangu anafanya suduri (kuchomelea chuma) mu atelie ya mutu na mi ninauzisha bikwembe (vitenge), kliya (bateja) zangu mingi banapitia mu WhatsApp. Nataka nibaelezee kitu chenye kilitufikia mu nyumba, kiko murefu kidogo munivumilie, kisha muniambie ninyi munafanyaka namna gani.

Mwezi wa tano jirani moja alinisimamisha ku bomba ya maji akaniuliza, we mama, ule kijana yako ninamuonaka kila asubuyi anaikala kandokando ya njia ya treni na kasaki kake, haendake tena ku masomo? Mi nilikataa kabisa, nikamuambia umemufananisha na mwingine. Nikarudi ku nyumba nikamuita mutoto, eko na miaka 14, akaangalia chini. Siku tisa. Siku tisa bandugu, shule ilimurudisha juu ya feza yenye tulikuwa hatujamaliza kulipa, na kila asubuyi anavaa iniforme, anatoka, na saa saba anarudi sawa benzake. Nikamuuliza juu ya nini hukusema? Akanijibu pole pole, hakukasirika ata kidogo: "Mama, nilikuya kukuambia mara mbili mangaribi, ulisema ngoja nimalize na kliya."

Hiyo jibu hainitoke mu kichwa mpaka leo. Juu ni kweli, ninakumbuka ile mangaribi moja, alikuwa amesimama ku mulango wa jiko na mi nilikuwa ninatuma foto za bikwembe mu grupe, nikanyoosha mukono tu bila kumuangalia.

Ile wakati kwetu tulikuwa tunapika chakula moja lakini hatukule pamoja. Bukari inaiva, kila mutu anakuya ku jiko, anakamata sahani yake, anaenda. Binti mukubwa mu chumba na ekuta mu masikio, kijana nyuma ya nyumba kule reso (mutandao) inashikaka muzuri, badogo babili mbele ya tele, bwana yangu mu kiti anaangalia video za mupira, na mi mwenyewe ku jiko na kliya. Ukiingia unasikia sauti sita za mashini na hakuna sauti ya mutu.

Na kuko kitu chenye nilikuya kuona nyuma. Batoto walikuwa banaanza kukataa bukari. Kila siku banalomba muchele, banalomba makaroni, banalomba mukate na mayai. Nikazania ni ladha, batoto wa leo. Hapana. Bukari unaikula na mukono, unafinyanga, unachovya mu sombe (majani ya muhogo), vidole vyote vina mafuta ya mawese, huwezi kugusa ekra ya telefone. Muchele unaikula na kijiko, mukono wa pili unabakia huru juu ya telefone. Njo vile tu.

Basi mwezi wa sita tukaanza. Kuanzia saa ninapoanza kukoroga bukari mpaka sahani ya mwisho inasafishwa, telefone zote mu kitunga ya vitunguu juu ya kabati, ya kwangu inaingia ya kwanza. Tunakula mu plato moja kubwa, chini ku mukeka juu meza yetu iko ndogo. Siku ya kwanza ilikuwa kimya mpaka ninasikia batu banatafuna. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mudogo wa mwisho akaanza kueleza mambo ya mwalimu wao, maneno haikuisha.

Sasa niko na shida mbili. Bwana yangu anasema telefone yake ni kazi, mutu anaweza kuita usiku juu ya mulango ya chuma. Na ya pili, kwetu kuran (umeme) inarudiaka saa mbili ya usiku, na ikirudia tu batoto banaruka sawa moto umeingia mu nyumba, kila mutu anakimbilia priz kuweka telefone ku sharja, chakula inabakia nusu. Munisaidie.

Kijana_Kampemba

Mama, pole sana kwa ile ya mutoto. Imeniuma.

Dereva_wa_Njia_Kubwa

Mama wa Katuba nimesoma yote, nimekuelewa, lakini acha nami niseme upande wangu. Mi ni dereva wa lori, njia yangu ni Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia mpaka Dar es Salaam, na kurudi. Hapa ninapoandika niko mu mustari ya malori huku Kasumbalesa ku mupaka, siku ya tatu hii. Kutoka Lubumbashi mpaka hapa ni kilometa kama 90 tu, na bado siwezi kufika ku nyumba kula. Mu mwezi moja ninalala kwangu siku tano, sita.

Bibi yangu anafanyaka hivi: saa ya chakula anasimamisha telefone ku kikombe pembeni ya sahani, na mi ninawaona. Mudogo ananionyesha donge ya bukari yake kama ni kubwa. Mukubwa ananiambia habari za shule. Mi pia ninakula huku, mukate na samaki ya kopo, lakini ninakula nao. Ukiniambia telefone zote mu kitunga, mi baba yao munaniweka mu kitunga pia. Ninaomba mufikirie batu sawa siye. Lubumbashi imejaa madereva, wenye kuchimba huko Kolwezi, wenye kazi ya zamu za usiku. Kwetu telefone ndiyo kiti ya baba.

Mama_wa_Katuba

Baba dereva, pole na mustari. Umenipiga pahali penye sikufikiria. Sikatae kabisa, mutoto kumuona baba yake hiyo ni mambo ingine kabisa na kuangalia video za batu wasiokujua. Lakini nikuulize kitu na heshima yote: kisha kuongea na wewe, hiyo telefone inazimwa ao inabakia ku kikombe?

Dereva_wa_Njia_Kubwa

Hmm. Inabakia. Nimemuuliza bibi sasa hivi. Anasema nikikata, mukubwa anaichukua.

Muzee_wa_Kambi

Batoto yangu, salamu. Ninaandikiwa na mujukuu, mi ninasema ye anaandika.

Mi nilizaliwa mu kambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, mbele ya uhuru, chini ya shemine ile munaona mpaka leo. Batu mingi banasemaka zamani familia ilikuwa inakula pamoja, na ninataka kuweka ukweli. Papa yangu alikuwa anakula peke yake mu salo, ao na mugeni kama iko. Mama na batoto ku jiko. Kipande ya muzuri ya kuku ni ya papa, firigisi ni ya papa, hakuna mutoto wa kuigusa. Na ku sahani mutoto kusema ilikuwa kukosa heshima, ukifungua kinywa unapigwa ku vidole. Chakula ilikuwa na saa yake juu kazi ilikuwa na saa yake, sirene inalia, mama anajua papa anatoka, maji iko ku moto tayari. Na unga haikuwa mawazo, posho ilikuwa inatoka kila juma, unga ya mahindi, samaki, nyama, mafuta, chumvi, kufuatana na hesabu ya batoto. Kisha 1967 ikakuya kampuni ya serikali, yenye nyuma iliitwa Gécamines, na kwa miaka mingi ikaendelea hivyo, kisha ikapunguka, ikaisha. Mama zenu wakaanza kutoka kwenda ku soko, na saa ya chakula ikapotea hapo. Haikupotezwa na telefone. Telefone ilikuta imekwisha kupotea.

Lakini kulikuwa na kitu. Kisha kula, wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, mama alikuwa anavuta mbabula (jiko ya makaa) kati ya nyumba na jiko, tunaikala kuizunguka, nkambo anachoma karanga, na hapo njo maneno ilikuwa inatoka. Hadisi za sungura, habari za kijiji huko Kasenga, nani anaoa, nani anagonjwa, na mutoto mwenye alivunja kitu cha mutu alikuwa anasema hapo, juu ni giza, uso hauonekane, mama anaangalia moto. Papa naye alikuwa anatoka mu salo anakuya. Mi nilimuambia papa hapo kama nilipoteza viatu vya shule. Mu salo singeweza.

Kwa hiyo mama wa Katuba, mi ninaona telefone haikukamata nafasi ya sahani. Ilikamata nafasi ya ule moto. Saa ile ya kisha kula.

Mama_wa_Katuba

Muzee, asante sana, na mujukuu asante kuandika. Nimesomea bwana yangu hii yote kwa sauti. Alinyamaza kisha akasema kwao Likasi ilikuwa vilevile.

Etudia_19

Samahani ba mama na ba papa, mi niko mutoto kwenu, ninasoma UNILU (université ya Lubumbashi) mwaka wa pili, musinikasirikie lakini mutu mumoja wa upande wetu lazima aseme.

Kwetu pia papa alileta hiyo sheria, mwaka jana, hakuna telefone ku meza. Ilikaa juma mbili ikafa, na haikufa juu yetu. Ilikufa juu ya maneno yenye yalikuwa yanasemwa ku meza. Unaikala tu, hujamega bukari, papa anaanza: ulipata pointi ngapi, ule rafiki yako ni nani, juu ya nini ulirudi saa kumi na mbili, angalia mutoto wa jirani amemaliza polytechnique. Kila usiku. Meza ikakuwa tribunali, na sisi tunajua saa ya hukumu ni saa moja na nusu. Basi mudogo wangu akaanza kusema ameshiba, mi nikaanza kurudi usiku ili nikute wamemaliza. Mutu anaingia mu telefone juu kule hakuna mwenye kumuhukumu.

Mama wa Katuba, ule kijana wako hakukuambia ile shida juu ulikuwa na kliya, ni kweli. Lakini kuko batoto wenye hata ungeweka telefone mbali hawangesema, juu wanajua jibu itakuwa makelele. Mi ningekuwa na siku tisa kama zake nisingesema kwa papa, na telefone yake ikiwa imezimwa. Munisamehe kama nimepitisha.

Enfirmye_Ruashi

Hapana mutoto, hujapitisha. Umesema muzuri na uendelee na masomo.

Mimi ni mwuguzi, nafanya kazi katika kituo cha afya, na ninataka kuleta mambo mawili matatu ya kazi yangu kwa sababu naona watu wanasema plato moja, plato moja.

Plato moja ni nzuri kwa moyo, lakini mtoto mdogo, wa chini ya miaka miwili, mpeni kisahani chake. Hakuacha kuwa mwanafamilia kwa kuwa na kisahani. Mtoto wa umri huo anakula polepole, meno machache, tumbo dogo, na wakubwa wakimaliza kumega yeye amepata donge tatu tu na mama anafikiri ameshiba. Tunawaona kwa mizani, nyumba ina chakula na mtoto anapungua. Kisahani chake kinakuonyesha amekula kiasi gani. Akae katikati yenu, mama au yaya amlishe akimwangalia usoni, anaongea naye. Na hapo ndipo telefone inaharibu, kuna mama anamwekea mtoto video ili afungue kinywa, mtoto anameza bila kujua anameza nini, na siku betri imekwisha hali kabisa. OMS (Shirika la Afya Duniani) ilitoa maelekezo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekewe ekra kabisa, wa miaka 2 mpaka 4 isipite saa 1 kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi.

Jambo la pili ni maji ya mikono. Mkila kwa mkono katika plato moja, acheni ile beseni moja inayopita kutoka kwa baba mpaka kwa mtoto wa mwisho, yule wa mwisho ananawa uchafu wa wote. Mtoto mmoja amwage maji kwa kopo, mwingine ashike sabuni. Mji wetu unajua kolera, sihitaji kueleza.

Na Muzee amesema juu ya mbabula, imenigusa kwa sababu hata kwetu ilikuwa hivyo, lakini nawaomba sana: mbabula ibaki nje au kwenye baraza iliyo wazi. Baridi ya mwezi wa saba watu wanaingiza makala (makaa) yenye moto ndani, wanafunga mlango na dirisha, na ile gesi ya makala haina harufu wala haionekani. Familia inalala haiamki. Kaeni karibu, mjifunike blanketi, lakini moto uwe penye hewa.

Mama_Soko_Kenya

Mi ninauzisha samaki ya mukavu ku soko ya Kenya, komine ya hapa Lubumbashi. Ninatoka ku nyumba saa kumi na moja ya asubuyi na nikirudi ni saa mbili ya usiku, siku zingine saa tatu kama taksi-busi hakuna, badogo wamekwisha kulala. Kwetu tunakula mara moja ku siku, na hiyo mara moja inapikwa na binti yangu wa miaka 16. Sasa mukisema chakula ya pamoja ya mangaribi, mi niko wapi?

Sisemi hivyo kwa kulalamika. Ninasema juu mi pia nilikuwa ninalia mu roho, batoto banakomaa bila mi, mpaka nikatafuta saa yangu. Saa yangu ni ya sombe. Siku ya mungu ninarudi ku kanisa, sombe iko, kinu iko, na kutwanga sombe kwa batu saba si mambo ya dakika kumi. Ninawapanga: mumoja anatosha vijiti ku majani, mumoja anatwanga, mumoja anamenya karanga, kijana anapasua makala. Hakuna mwenye kushika telefone juu mikono yote iko na kazi, sikumukataza mutu, kazi yenyewe inakataza. Na ninaona hapo banasema mingi kuliko ku sahani. Mutoto wangu wa kiume alinitolea siri yake moja anatwanga, hakuniangalia, anaangalia kinu, anatwanga anasema, anatwanga anasema. Ningemuweka mbele yangu macho kwa macho angesema "hakuna kitu mama".

Kwa hiyo ule mwenye hana mangaribi asivunjike moyo. Ata kupika kikanda (chakula ya mizizi ya pori na karanga) pamoja, ata kupepeta unga. Tafuta saa yako.

Etudia_19

Mama, hiyo ya kinu ni kweli kabisa. Mi na mama yangu tunaongeaka saa ya kusafisha vyombo, ye anasafisha mi ninapanguza. Sijawahi kufikiria juu ya nini, sasa ninaelewa.

Corbeau_wa_Kamalondo

Mi niko na neno moja ya kutetea ekra. Musiseme ekra zote ni mubaya. Desemba 2010 mulikuwa wapi? TP Mazembe mu Kombe ya Dunia ya ma-klabu kule Abu Dhabi, tunapiga Internacional ya Brazil 2 kwa 0, klabu ya kwanza ya Afrika kufika finali, golikipa wetu Kidiaba anaruka na makalio yake mu uwanja, kisha finali na Inter Milan, tulipoteza 3 kwa 0 lakini nani alilala? Mu parsele yetu tele ilikuwa moja, jeneratere ya jirani, tulikuwa batu kama arobaini, papa yangu mwenye haongeake na mulamu wake tangu miaka miwili walikumbatiana tulipofunga Internacional goli ya kwanza. Mama alipika sufuria kubwa ya bukari na samaki tomsoni ya kukaanga, kila mutu anamega anaangalia. Hiyo ilikuwa ekra na ilikuwa familia.

Ekra moja batu arobaini ilituweka pamoja. Ekra kumi batu kumi njo inatenga. Mi kwangu sheria ni hiyo: tele ya wote iko sawa, siku ya mechi tunakula mbele yake, tunapiga kelele. Telefone ya mutu mumoja ku masikio, hapana.

Enfirmye_Ruashi

Hapo nakubaliana nawe, lakini mechi ni mara moja kwa juma. Tele ikiwa inawaka kila usiku tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne hiyo si mechi tena.

Corbeau_wa_Kamalondo

Sawa mama, nimekubali.

Dada_Bukavu

Ninawasalimu kutoka Bukavu. Huku kwetu Ibanda tunakuwaka na shida ya kuran vilevile, na mi ninaona mama wa Katuba usipigane na kuran. Badilisha saa. Sisi tunakulaka mbele ya kuran kurudi, na sharja yote ya nyumba inafanyika pahali pamoja, multipriz moja mu salo mbele ya macho ya kila mutu, haiko mu vyumba. Kuran inarudi, telefone zinaenda kulala ku multipriz zinakula zao, na sisi tunamaliza yetu. Mutoto akitaka kuitumia lazima asimame pale ku waya. Hakuna mwenye anaweza kusimama masaa mawili.

Na sambaza (samaki badogo) pia zinatusaidia. Ukinunua mbichi za ziwa Kivu lazima zichambuliwe moja moja, tunaikala batatu bane ku beseni. Sawa ile kinu ya mama wa soko.

Mama_wa_Katuba

Dada wa Bukavu, hiyo ya multipriz nitaijaribu leo hii. Bakwetu nimeandika kila kitu mu kaye. Nitarudi kubaelezea.

Kijana_Kampemba

Mama tunangoja. Mi sina bibi wala batoto, ninaishi na yaya yangu na mulamu, lakini tangu nisome hii uzi nimeanza kula nao mu salo.

Mama_wa_Katuba (nyuma ya juma tatu)

Nimerudi bandugu, samahani nimechelewa, kulikuwa matanga kwa jirani.

Nitasema yenye imeenda na yenye haijaenda. Saa ya chakula tulirudisha nyuma, sasa tunakula saa kumi na mbili na nusu, kuran ikirudia saa mbili tumekwisha kusafisha. Multipriz iko mu salo karibu na tele. Badogo hawakupigana nayo, binti mukubwa alikasirika siku nne, alisema ninamufanya mutoto. Nilimuachia saa moja yake kisha masomo, mu chumba chake, bila maswali, na nikamuambia hiyo ni yake kweli sitaingia. Tangu hapo hakasirike tena, na siku moja alitoka mbele saa haijaisha akakuya kuikala na siye.

Bwana yangu. Aliweka telefone yake ku kitunga lakini na sauti ikiwa juu, ikilia anainuka. Juma ya kwanza ililia mara tatu, mara mbili ilikuwa kazi kweli, mara moja ilikuwa mutu wa kuuza unite (salio ya telefone). Tukapatana: ikilia mara mbili mufululizo ni haraka, anainuka, ikilia mara moja inangoja. Aliwaambia kliya zake. Hakuna kliya aliyetoroka mpaka leo.

Yenye haijaenda: mi mwenyewe. Siku bikwembe mupya zinaingia kutoka Kasumbalesa, batu banangoja foto, na mara mbili nilijificha ku jiko nikatuma. Ya pili mudogo alinikamata. Hakusema kitu, alikuya kukamata mukono wangu akanivuta ku mukeka. Nimewaandikia grupe yote ya kliya kama kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili siko. Wamoja walisema sawa mama, siye pia tunaenda kupika.

Na ile neno ya etudia nimeiweka mu roho. Hatuulize pointi ku chakula. Bwana yangu ilimushinda, njo kitu alizoea kuuliza, akakaa kimya siku mbili hajui aseme nini. Ya tatu akaanza kueleza kazi yake, mulango moja walimuletea umepinda, namna alitumia moto kuunyoosha, na ule kijana wetu akaanza kumuuliza maswali, chuma inakuwa nyekundu ku joto ngapi, juu ya nini haivunjike. Nikajua mutoto wangu anapenda chuma. Miaka 14 naye mu nyumba moja na sikujua. Sasa jumamosi anaendaka ku atelie na baba yake.

Feza ya shule tulimaliza kulipa, amerudi. Na kisha kula tunabakia ku baraza, mbabula nje sawa enfirmye alisema, blanketi mbili kwa batu sita. Juzi usiku, moto unaelekea kuzima, kijana aliniambia: mama, ku njia ya treni nilikuwa ninahesabu mabehewa, siku moja yalipita 43. Nikamuuliza yalibeba nini. Tukaongea mambo ya treni mpaka baridi ikatufukuza.

Muzee_wa_Kambi

Mujukuu amenisomea. Mwambie ule kijana hiyo ni shaba, na nikipona mugongo aletwe kwangu nitamuelezea inatoka wapi.

Dereva_wa_Njia_Kubwa

Mama, na mi nirudishe habari. Kwetu sasa telefone inasimama ku kikombe dakika kumi, ninaongea na kila mutu kwa zamu, ninaombea chakula, kisha mi mwenyewe ninakata, na bibi anaiweka juu ya friji. Ilikuwa nguvu kukata. Usiku wa kwanza nilibakia mu kabini ninaangalia ekra nyeusi. Lakini bibi ananiambia wanaendelea kuongea kisha mi kutoka, na asubuyi ananituma vokali (ujumbe wa sauti) kunielezea walisema nini.

Mustari umeanza kutembea. Niko na malori kumi na moja mbele yangu. Nimewaambia kesho wasikoroge bukari mpaka wasikie honi.